Uelekeo wa Mwendo katika Kiswahili: Uhakiki wa Fasili ya Kiambishi -ni kwa Kurejelea Kijapani na Mahitaji ya Midia, Koboko

Ufundishaji wa Kiswahili kwa wageni umezoea kukifasili kiambishi -ni kana kwamba ni kihusishi cha Kiingereza kinachoonyesha mahali mtu aendapo. Fasili hiyo haihimili ushahidi. Katika tungo “anakwenda sokoni”, “anatoka sokoni” na “yuko sokoni”, kiambishi hakibadiliki, ilhali uelekeo umebadilika mara tatu. Ni dhahiri kwamba -ni hutaja mahali tu; uelekeo hubebwa na kitenzi.

Ulinganisho na Kijapani unalibainisha jambo hili. Katika lugha hiyo, uelekeo hudhihirishwa na vipashio vinavyofuata nomino: ni huonyesha mahali pa kufikia, e husisitiza upande unaoelekewa, made huweka kikomo, na kara hutaja chanzo. Kitenzi nigeru, yaani kukimbia hatari, hubaki kilivyo: Koboko kara nigeru ni kuikimbia Koboko, Koboko e nigeru ni kukimbilia Koboko. Kiswahili hufikia tofauti hiyo hiyo kwa mnyambuliko: kimbia na kimbilia, hama na hamia. Hata hivyo, lugha hizi hukutana katika nomino za watu. Mjapani haendi “kwa” mwalimu moja kwa moja, bali huenda sensei no tokoro, yaani mahali pa mwalimu. Na kwa ya Kiswahili katika “anakwenda kwa mwalimu” nayo imeundwa na ku- ya mahali na -a unganifu.

Umuhimu wa hoja hii hauishii darasani. Midia imo katika Wilaya ya Koboko, iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2005, jirani na Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mapigano ya mwaka 2016 yaliwasukuma watu wengi wa eneo la Yei kuvuka mpaka. Karani akiandika “alikimbia Yei” badala ya “alikimbilia Yei”, chanzo na kikomo cha safari hubadilishana nafasi. Huenda ikadaiwa kwamba muktadha hufafanua. Dai hilo ni sahihi katika mazungumzo. Lakini fomu husomwa na ofisi nyingine, msimuliaji akiwa hayupo.

Hata hivyo, kauli ya kutendea isifundishwe kuwa alama ya uelekeo daima: “alifia Arua” hutaja mahali pa tukio, si mwisho wa safari. Kinachohitajika ni kuyafundisha makundi ya vitenzi kulingana na maana zake.

Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Vitabu vitakavyotekeleza uamuzi huo visianze na jedwali la vihusishi vya Kiingereza, bali na jozi za vitenzi vya mwendo. Na fomu za usajili zitenge nafasi mbili: “alikotoka” na “anakokwenda”.