Ufundi wa Kupanda Mlima Peke Yako

Balili, mlima unaoinukia mji wa Bunda, si Kilimanjaro yenye mita 5,895. Ukitoka alfajiri unarudi kula chakula cha mchana nyumbani. Ndiyo maana ni shule nzuri: makosa yake hayaui haraka, na somo lake hurudiwa kila mtu apatapo nafasi. Mimi huupenda zaidi Oktoba, ardhi ingali ngumu ya kiangazi na mawingu ya vuli yameanza kujikusanya.

Ufundi wa kwanza ni kusoma saa. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji ya Ziwa Victoria, na upepo huvuma kutoka ziwani ukibeba unyevu hadi vilimani. Alasiri unyevu huo huwa radi. Mpandaji mzuri huanza saa kumi na mbili asubuhi, na mbingu ikimnunia kabla hajafika, anageuza bila kinyongo. Kilele hakihami.

Ufundi wa pili uko mguuni. Majabali ya mkoa wetu wa Mara yakiwa makavu hushika soli vizuri. Yakilowa, ukungu ulioota juu yake huteleza kama sabuni. Kanyaga kwa wayo mzima, hatua fupi, na fimbo itangulie kwenye nyasi na nyufa, maana nyoka naye hupenda jiwe lenye joto. Pumzi ndiyo kipimo cha mwendo: ukishindwa kusema sentensi nzima, umekimbia mno. Kwa kuwa sina wa kuongea naye, huimba chini chini, na pimbi hunisikiliza kutoka miambani bila kutoa maoni.

Wa tatu ndio mgumu: kuwa peke yako. Anayekwenda peke yake huaga, akataja njia atakayopita na saa ya kurudi. Hubeba maji ya kutosha, matobolwa kidogo (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), na simu yenye chaji. Mkiwa kundi, kuna wa kuamua na kuna wa kulaumiwa. Peke yako, kupumzika, kunywa, kusonga na kurudi ni maamuzi yako, na hesabu yake utailipa wewe. Sijui darasa jingine linalomfundisha mtu busara kwa ada ndogo hivyo.

Juu, jiografia hujieleza yenyewe. Upande mmoja Ghuba ya Speke, upande mwingine nyanda za Serengeti, katikati Bunda na barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari. Hapo unaelewa kwa nini mkulima wa huku hulala akiwaza tembo watokao hifadhini: shamba lake limebanwa kati ya maji na wanyama.

Kisha kuna kurudi. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Magoti yamechoka, akili imeshatangulia nyumbani, na kokoto moja inatosha kukuangusha. Fundi hujulikana kwenye mteremko.

Wengi wetu bado huona mguu ni usafiri wa aliyekosa nauli. Ukimpita bodaboda ukamwambia unapanda mlima tu, atakuonea huruma. Lakini Oktoba 1967, Julius Nyerere, akiwa Rais, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Hakukosa gari. Alijua kwamba nchi inayopitwa kwa mwendo wa mguu huonekana, na anayeipita huonekana nayo.

Wageni husafiri maelfu ya kilomita kuja kutazama nchi hii. Sisi wa Musoma tuna miamba kando ya ziwa, wa Butiama wana vilima vyao, na wa Bunda wana Balili mlangoni. Oktoba 14, Siku ya Nyerere, ni mapumziko ya taifa. Tusimkumbuke mtembeaji yule tukiwa tumekaa vitini. Aga watu wako, chukua fimbo, panda.