“Paukwa” ya Mchezo wa Video: Mtazamo kutoka Kolwezi

Fanani wa pwani haanzi ngano kabla ya kuita “Paukwa!” na kuitikiwa “Pakawa!” Tunadai hapa kwamba mwanzo wa mchezo wa video uliotokana na katuni za Kijapani hufanya kazi iyo hiyo.

Tuchukue Dragon Ball Z: Kakarot, uliotolewa mwaka 2020. Mwanzo wake unarudia, karibu picha kwa picha, ule wa mfululizo wa televisheni ulioanza mwaka 1989, pamoja na wimbo ule ule wa Hironobu Kageyama. Mhakiki mwenye haraka atauita uvivu. Sisi twaona vingine: fomyula hairudiwi ili kupasha habari, bali ili hadhira ijitambue kuwa ni hadhira. Kilicho kipya ni itikio: wimbo ukiisha, mtazamaji huitikia kwa kidole, akawa mtendaji.

Upungufu umo mlangoni humo humo. Kijana wa Kolwezi aufunguapo mchezo huu huimbiwa Kijapani, kisha husoma maelekezo kwa Kifaransa. Kiswahili, lugha ya mji wake, hakimo miongoni mwa lugha za mchezo. Ilhali kobalti, inayochimbwa kwa wingi Lualaba, hutumika katika betri za lithiamu, aina ile iliyomo ndani ya kidhibiti akishikacho. Mkono wa Kolwezi umekwisha kuingia katika ngano hii. Sauti yake ingali nje. Basi mwanafunzi wa fasihi simulizi asiseme kwamba huu si uwanja wake: palipo na “Paukwa”, pana kazi yake.