Ngozi Iliyolainishwa kwa Mikono

Katika uwanda wa kati wa Tanzania, ambako kata ya Chang'ombe jijini Dodoma ingali imebeba ng'ombe ndani ya jina lake ingawa nyumba na barabara zimeyafunika malisho, vazi la ngozi limeondoka bila kuagwa. Wagogo, wenyeji wa uwanda huo, walilijua kabla ya kujifunga shuka kwa mtindo wa lubega, na wanaolitaja leo hulitaja kama alama ya ufukara, ilhali lilitokana na elimu ya mikono iliyochukua miaka kuikomaza.

Kazi hiyo ilianzia kwenye kisu cha mchunaji, kwa kuwa tundu lililotobolewa kwa pupa siku ya kuchinja halikuwa na dawa baadaye. Ngozi mbichi iliwambwa, yaani ilitandazwa na kuvutwa kwa vijiti vilivyochomekwa kandokando yake hadi ikakaza, kisha ikaparwa ili kuondoa utando na mabaki ya nyama ya upande wa ndani. Ndipo ilipofika sehemu isiyo na njia ya mkato: kuipaka mafuta na kuifikicha, kuikunja na kuikunjua, siku baada ya siku, mpaka kitu kilichokuwa kigumu kama ubao kikalegea na kulala begani kama kitambaa. Kipimo kilikuwa kiganja, kwani ngozi iliyoachwa mapema ilirudia ugumu wake mara iliponyeshewa, na iliyoparwa kupita kiasi ilichanika. Mbeleko ya ngozi ndiyo iliyokuwa mtihani mkali kuliko yote, maana hakimu wake alikuwa ubavu wa mtoto mchanga.

Wainuiti wa Aktiki, ambao baridi yao haifananishwi na upepo wa Dodoma wa Juni na Julai, waliifikisha elimu ya namna hii mbali zaidi. Wanawake wao hushona viatu vya ngozi ya sili, mnyama wa baharini, kwa mshono ambao sindano haitokezi upande wa pili, na kwa nyuzi za ukano, yaani mshipa mgumu unaounganisha msuli na mfupa, ambazo huvimba zikilowa na kuyaziba matundu. Nchi mbili zisizojuana zilimheshimu mnyama kwa njia moja: kutopoteza kitu chake.

Katika karne ya 19 misafara ya kutoka pwani ilipita Ugogo, na watemi waliitoza hongo, ushuru wa njia uliolipwa kwa sehemu kubwa kwa vitambaa, ikiwamo merikani, pamba isiyotiwa rangi iliyopewa jina la nchi ilikotoka. Nguo hiyo ilikuwa nyepesi na ilifulika, na walioipenda hawana lawama. Linalouma ni kwamba baadaye ngozi ilifanywa fedheha: mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliendesha kampeni ya kuwataka Wamaasai waache mavazi yao ya asili, kana kwamba taifa changa lingeaibishwa na kazi nzuri ya raia wake. Kaskazini mwa Dodoma, karibu na Mlima Hanang, wanawake wa Kibarabaig walishikilia kwa muda mrefu sketi ya ngozi ya mwanamke aliyeolewa, yenye vishada vya kanda nyembamba na shanga, ambayo kuivaa kulikuwa ni heshima.

Leo baadhi ya ng'ombe hupigwa chapa inayoiharibu ngozi, na machinjioni kisu huharakia nyama. Masalia ya elimu ile yanasikika katika muheme, ngoma ambayo wanawake wa Kigogo huibana mapajani: kabla ya kupigwa husogezwa motoni ili ngozi ikaze, na mpigaji huigonga kidogo kwa vidole, akasikiliza, akairudisha tena motoni.