Mwamba ngoma huvutia kwake: Yehuda Halevi ni wa nani?

WAHENGA walinena kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Methali hii hunijia kila nionapo jinsi harakati za kitaifa zinavyomsoma Yehuda Halevi, mshairi na tabibu Myahudi wa Uhispania. Mnamo 1140 aliiacha nchi yake akafika Misri, safarini kuelekea Nchi Takatifu. Alifariki mwaka uliofuata.

Katika karne ya 19, Wayahudi wa Ujerumani waliopigania haki za uraia waliitukuza Andalus ya kina Halevi. Kumbe Myahudi anaweza kushika dini yake na bado ashiriki utamaduni wa jirani! Hata sinagogi kubwa iliyofunguliwa Berlin mnamo 1866 iliiga ujenzi wa Waislamu wa huko.

Wazayuni nao wakaivuta ngoma upande wao. Kwao, uzito haukuwa katika maisha ya Andalus bali katika safari ile ya mwisho. Ben-Zion Dinur, mwanahistoria aliyekuwa Waziri wa Elimu wa Israel kati ya 1951 na 1955, aliihusisha safari hiyo na matarajio ya ukombozi wa umma mzima.

Je, huo ni uzushi? La hasha. Halevi aliitamani Sayuni, na mashairi yake yanathibitisha. Ila shauku yake ilikuwa ya mja anayemtafuta Mola wake. Hakuwazia bendera wala bunge.

Isitoshe, kuna jambo ambalo wavutaji hawa hulipitia juu juu: lugha. Kuzari, kitabu chake cha kuitetea dini ya Kiyahudi, alikiandika kwa Kiarabu. Mashairi yake ya Kiebrania mengi hufuata arudhi ya Kiarabu. Barua zake zilizopatikana Cairo ni Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania.

Hebu tuwakumbuke malenga wetu wa Lamu na Mombasa, walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Ni wangapi wamewahi kutumia hati hizo kudai kwamba fasihi yetu ni ya kigeni? Hati si kabila, jamani.

Mhakiki makini hamkatazi mtu kujivunia mababu. Humdai tu awasome wazima wazima, pamoja na lugha walizoazima. Ngoma ikivutwa mno upande mmoja, hupasuka.