Mikono ya Ayub Ogada

Nyatiti haipigwi kwa mikono pekee. Mpigaji wake, jathum kama Waluo wanavyomwita, hukaa kwenye kigoda kifupi ala ikiwa imeegemea mwili wake karibu na ardhi, nyuzi nne kwa mkono huu na nne kwa ule. Kidole gumba cha mguu wa kulia amekivika pete ya chuma, oduong'o, ambayo huigonga kwenye mti wa ala ili kutunza mwendo. Kwenye kifundo amefunga gara, njuga za chuma zinazoitikia kila mguu unapotikisika. Hapo hapo anaimba, anasifu, anatania. Mtu akiinuka kwenye sherehe na pesa mkononi, akitaka kusimamisha wimbo ajisifu yeye na ukoo wake, jathum hunyamaza, husikiliza, kisha huudaka wimbo pale pale alipouachia. Kazi ya watu wanne, na anayeifanya ni mmoja.

Ukitaka kusikia kazi hiyo ikichemka, watafute Ogwang Lelo Okoth au Ogola Opot. Ayub Ogada, mpiga nyatiti pia, hachemki, na wapo wazee wa Siaya na Nyakach ambao hawatakubali kumpa kigoda cha mbele kwa sababu hiyo. Nawaelewa. Hata hivyo naamini kwamba alichokifanya ni kigumu vilevile, na kwa sikio la haraka hakionekani.

Chukua wimbo wake wa Kothbiro. Nyuzi zinatangulia: kifungu kifupi cha noti kinazunguka, kinarudi, kinarudi tena, bila pupa. Noti za chini zinaanguka nyuma kidogo ya unapozitarajia, si kwa kuchelewa, ila kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba hafukuzwi. Ukisikiliza kwa makini utagundua kwamba kila mzunguko una tofauti yake ndogo. Uzi mmoja umeguswa kwa nyama ya kidole badala ya ncha, mwingine umeachwa ulie mpaka ufe wenyewe. Ndipo sauti inapoingia, ya juu, laini, ya mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala chumba cha pili. Maneno ni machache na ya nyumbani kabisa: mvua inakuja, ng'ombe warudishwe bomani. Mwimbaji mwingine angelifanya jambo hilo kuwa tangazo. Yeye analisema kama anayeliona wingu.

Wimbo huo unapigwa sana Milimani, mtaa wa Kisumu unaoteremka kuelekea ziwani, wenye miti mikubwa, nyumba za zamani na hoteli zilizotazamishwa machweo. Nimewahi kumsikia kijana akiuimba kwa gitaa katika hoteli mojawapo, jioni ambayo mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa milima ya Nandi, kwa hiyo hata hali ya hewa ilikuwa upande wake. Sauti alikuwa nayo, pengine kuliko Ogada. Lakini kila alipoona nafasi aliijaza. Nyuzi zote sita mwanzoni mwa kila mstari, madoido mwishoni, na katikati kupanda kwa sauti kulikowafanya wageni wapige makofi. Makofi aliyastahili. Mimi nilibaki nikisikia jinsi Ogada alivyokuwa ameacha sehemu hizo wazi makusudi, na jinsi uwazi huo ulivyohitaji mkono usiotetereka.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1956, jina lake likiwa Job Seda. Utotoni aliishi kwa muda Chicago na wazazi wake, ambao waliwapigia Wamarekani muziki wa Kiluo, kwa hiyo kucheza ya kwao mbele ya wasiojua lugha hakukuwa kugeni kwake. Nairobi ya miaka ya 1970 ilimpitisha kwa bendi ya Black Savage, iliyorekodi Kothbiro kwa namna ya bendi ya gitaa, kisha African Heritage Band, ambayo alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Aliigiza pia, katika filamu ya Out of Africa ya 1985 yumo. Mwaka 1986 akaondoka kwenda Uingereza na nyatiti yake.

London alipiga muziki njiani na katika vituo vya treni za chini ya ardhi, akitegemea sarafu za wapita njia. Hapa ndipo ninapomstahi zaidi. Mwanamuziki aliye ughaibuni mara nyingi hupimwa kwa muziki ambao wasikilizaji wake wanaujua. Tangu miaka ya 1920 Wafilipino walijaza kumbi za Shanghai wakipiga jazi, na kila msikilizaji aliyeijua jazi ya Marekani angeweza kuwakosoa papo hapo. Huo ni ufundi wa kutahiniwa kila usiku. Ogada hakuwa na mtahini. Nani katika kituo cha treni angejua kwamba uzi wa tatu umelegea? Nani angetambua kwamba ameruka sehemu ngumu? Angeweza kuzembea miaka yote na sarafu zingeendelea kuanguka. Mwaka 1988 alipopanda jukwaa la tamasha la WOMAD, na mwaka 1993 albamu ya En Mana Kuoyo ilipotoka chini ya Real World, lebo ya Peter Gabriel, kilichosikika kilikuwa mkono uliotunzwa. Uzembe wa miaka hujitokeza kwenye rekodi ya nyuzi chache kuliko mahali pengine popote. Hakuna ngoma wala besi ya kujificha nyuma yake.



Umaarufu ulimfuata kwa vipande. Mwaka 2005 Kothbiro ilisikika katika The Constant Gardener, filamu iliyopigwa kwa sehemu kubwa Kenya, na mamilioni wakaijua bila kumjua. Mwaka 2018 Kanye West akachukua kipande cha rekodi ya zamani ya Black Savage akakijengea Yikes. Kipande kile kina nguvu, lakini ukitaka kujua Ogada alisafiri umbali gani kati ya Nairobi na London, sikiliza Kothbiro mbili zikifuatana: ya bendi, iliyoshiba vyombo, na ya 1993.

Alirudi Kenya mwaka 2007, akafariki tarehe 1 Februari 2019 nyumbani kwake Nyahera, kwenye vilima vilivyo juu ya Kisumu. Kabla ya hapo, mwaka 2015, alitoa albamu ya Kodhi pamoja na mpiga gitaa Mwingereza, Trevor Warren. Wasiomjua Ogada waanzie kwenye 1993, lakini wapiga gitaa wa hoteli zetu ningewaanzishia kwenye Kodhi, wamsikilize Warren: kila nyatiti inapozunguka, anapiga kidogo kuliko anavyoweza.