Mfu, Kicheko na Ushahidi: Mpelelezi wa Kike Mwenye Kasoro katika Riwaya ya Mafumbo

1.0 Utangulizi

Riwaya ya upelelezi kwa kawaida huanza na maiti. Maiti hiyo ikiinuka na kutembea, kanuni za utanzu mzima huingia mashakani, kwa sababu swali la "nani ameua?" hutanguliwa na swali jingine: "je, kuna aliyekufa?" Katika fasihi ya Kimagharibi umezuka mkondo wa riwaya zinazochanganya mfu anayetembea, fumbo la upelelezi na ucheshi. Mara nyingi anayelifumbua fumbo ni mwanamke mwenye pupa, mdomo mwepesi au madeni yasiyolipika, ambaye msomaji humpenda pamoja na kasoro zake.

Ni rahisi kuuhesabu mkondo huu kuwa burudani tupu. Makala haya yanadai kinyume cha hivyo. Mchanganyiko huo una kazi nzito ya kimaadili, na uzito wake huonekana vizuri zaidi ukisomwa kutoka Gesima, katika milima ya Nyamira, kuliko ukisomwa kutoka London. Hoja kuu ni kwamba riwaya ya namna hii humzoeza msomaji kutenganisha kasoro za mwanamke na hatia yake. Riwaya ya Kiswahili inazo tayari nyenzo zote za kuifanya kazi hiyo, lakini katika vitabu vyake vya upelelezi vinavyojulikana zaidi nafasi ya mpelelezi imekaliwa na mwanamume.

2.0 Mfu anayeinuka

Mfu anayetembea si mgeni katika Afrika Mashariki. Katika imani zilizoenea, hasa nchini Tanzania, msukule au ndondocha ni mtu anayedhaniwa amekufa na kuzikwa, kumbe amechukuliwa kwa uchawi ili atumikishwe usiku. Zombi wa Haiti, aliyeingia katika sinema ya Marekani mwaka 1932 kwa filamu ya *White Zombie*, ni ndugu yake wa karibu: naye ni mtumwa asiye na hiari. Zombi mla watu tunayemwona leo alitokana zaidi na filamu ya George Romero ya mwaka 1968, *Night of the Living Dead*. Kati ya hao wawili, ndondocha ndiye aliye karibu zaidi na fumbo la upelelezi. Zombi wa Romero huzusha swali la namna ya kunusurika. Ndondocha huzusha swali la nani aliyemchukua, na swali hilo hudai jina la mtu, aghalabu jirani.

Upande wa kicheko nao una asili ya kale. Katika *Alfu Lela Ulela* mna kisa cha Abul Hasan na mkewe, ambao baada ya kutapanya mali wanakubaliana kujifanya maiti. Mume anakwenda kwa Harun al-Rashid kulilia mkewe, na mke anakwenda kwa Zubeda kulilia mumewe, kila mmoja akapewa fedha za mazishi. Wakuu hao wanabishana ni yupi aliyekufa, wanakwenda kuhakikisha, na kuwakuta wote wawili wamelala ndani ya sanda. Khalifa anapoahidi zawadi kwa atakayemwambia nani alitangulia kufa, Abul Hasan anainuka na kudai kuwa ni yeye.

Kisa hiki kina vipengele vyote vinavyojadiliwa hapa: maiti inayoinuka, fumbo, mzaha, na mwanamke mwongo na mbadhirifu ambaye hakuna msikilizaji anayetaka aadhibiwe. La kuzingatiwa zaidi ni kwamba wakuu hawaridhiki na uvumi, bali huenda kujionea wenyewe. Kicheko chote cha kisa kinategemea hatua hiyo.

3.0 Bwana Msa mbele ya mzimu

Muhammed Said Abdulla aliuleta upelelezi katika riwaya ya Kiswahili kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichotolewa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau. Maiti inakutwa penye mzimu, mahali pa matambiko, na wakazi wana maelezo tayari. Bwana Msa, mwenye kiko chake na nasaba ya wazi ya Sherlock Holmes, hakubali kwamba mzimu ni jibu. Anautafuta mkono wa binadamu mpaka anaupata. Katika *Kisima cha Giningi* (1968) jina lenyewe la kitabu linamkumbusha msomaji Giningi, makao ya wachawi katika imani za Unguja, na hapo pia mwandishi anaiweka hofu ya ghaibu ubavuni mwa uchunguzi wa akili.

Mafanikio ya Abdulla ni kwamba aliifanya imani kuwa sehemu ya msuko badala ya kuitangaza kuwa ujinga na kuipita. Mzimu ni pazia, na muuaji hulitumia kwa sababu anajua watu hawatathubutu kulifunua. Hata hivyo, Bwana Msa ana upungufu mmoja wa kisanaa: hana upungufu. Hukosea kwa nadra, na makosa mengi huwaangukia wenzake, hususan Najum. Msomaji humstahi Bwana Msa, lakini hajifunzi kutoka kwake namna ya kuishi na mtu asiyestahika.

4.0 Mwanamke anayeona mengi

Hapo ndipo mpelelezi wa kike mwenye kasoro anapohitajika. Agatha Christie alipomtokeza Miss Marple katika riwaya ya mwaka 1930, *The Murder at the Vicarage*, alimjenga kwa sifa ambazo kijiji huzishuku: ni mzee, hana mume, huchungulia bustani za watu, anajua nani amepita wapi na saa ngapi. Umbeya wake ndio mbinu yake ya uchunguzi. Mma Ramotswe wa Alexander McCall Smith, katika riwaya ya mwaka 1998 inayosimuliwa Botswana, ni mcheshi, ndoa yake ya kwanza ilimharibikia, na anajifunza kazi huku akiifanya. Katika kitabu hicho mtoto aliyepotea anahofiwa kuuawa kwa ajili ya dawa za kichawi. Mma Ramotswe anaichukulia hofu hiyo kwa uzito wote, anafuatilia, na mtoto anapatikana yu hai. "Mfu" amerudi kwa sababu mtu mmoja alikataa kuukamilisha uvumi.

Sifa za Miss Marple zikihamishiwa Gesima, zinabadilika maana. Omong'ina, yaani mwanamke mzee, anayeishi peke yake, asiyelala mapema, anayejua siri za kila boma na asiyeuzuia ulimi wake kwenye kituo cha kununulia majani chai, hana sifa za mpelelezi machoni pa baadhi ya majirani zake. Ana sifa za omorogi, yaani mchawi.

Utafiti wa Robert LeVine miongoni mwa Abagusii katika miaka ya 1950 ulieleza imani kwamba abarogi hutembea usiku na hufukua maiti, na kwamba wengi wa waliotuhumiwa walikuwa wanawake. Ulieleza pia kazi mbili zinazoshindana na ya mpelelezi: omoragori, mwaguzi ambaye kwa kawaida ni mwanamke, anayetaja chanzo cha msiba, kama ni ebirecha, yaani pepo wa wahenga, au ni uchawi, na omoriori, anayefichua vifaa vya uchawi nyumbani mwa watu. Kwa hiyo fikra ya mwanamke anayefumbua fumbo la kifo si ya kuazima Ulaya. Ipo Gusii, na yenye heshima. Tofauti iko katika njia: mwaguzi hutoa jibu, ilhali mpelelezi huwajibika kuionyesha njia iliyomfikisha kwenye jibu.

Tofauti hiyo imegharimu maisha. Mwezi Mei 2008 watu 11, wanawake 8 na wanaume 3, waliuawa kwa kuchomwa moto huko Kisii kwa tuhuma za uchawi. Mwezi Oktoba 2021 wanawake wanne waliuawa Marani kwa tuhuma za aina hiyo hiyo. Katika matukio hayo umati ulijifanya mpelelezi, hakimu na mtekelezaji wa hukumu kwa wakati mmoja.

5.0 Pingamizi la mzaha

Msomaji anaweza kuuliza kama inafaa kucheka mahali palipochomwa wazee. Pingamizi hili lina nguvu mbili. Kwanza, mzaha huweza kumdhihaki aliyefiwa anayetafuta sababu ya msiba wake. Pili, dhihaka dhidi ya imani za Waafrika ina historia ndefu katika maandishi ya kikoloni, na mwandishi wa leo anaweza kuirudia bila kujua.

Jibu limo katika swali la nani anayechekwa. Katika kisa cha Abul Hasan hachekwi mtu kwa kuogopa kifo. Wanaochekwa ni wakubwa walioweka dau kabla ya kutazama. Riwaya inayofuata njia hiyo itaicheka haraka ya kuhukumu, na kumwachia mwenye hofu hofu yake. Tena kicheko kina kazi ambayo tanzia haiwezi kuifanya kwa urahisi. Tanzia humfanya mwanamke aliyetuhumiwa kuwa mhanga safi, na huruma ya msomaji huishia kwa wasio na doa. Riwaya ya kuchekesha humwonyesha akiwa mwongo kidogo, mchoyo kidogo, mdaiwa wa duka, mwenye kusengenya, kisha humshurutisha msomaji ampende hivyo hivyo. Mwanamke anayehitaji kutetewa Gesima si lazima awe mtakatifu. Huenda ni yule ambaye kweli alimtukana jirani juzi, na hilo likageuzwa kuwa ushahidi.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mfu anayetembea, fumbo na kicheko vimo katika hazina ya Kiswahili tangu hekaya hadi riwaya za Abdulla, na kwamba kiungo chenye thamani zaidi kimaadili ni mpelelezi wa kike mwenye kasoro. Waandishi chipukizi wa Gusii wanaoandika kwa Kiswahili wamo katika nafasi nzuri ya kukikamilisha kiungo hicho, kwa kuwa wanamjua omong'ina na wanayajua maneno yanayosemwa juu yake. Inapendekezwa pia kwamba riwaya za Bwana Msa zifundishwe sambamba na simulizi za Abagusii kuhusu abarogi na abaragori, ili mwanafunzi alinganishe namna kila upande unavyofikia jina la mkosaji. Wahakiki nao waache kuipima riwaya pendwa kwa kigezo cha uzito wa lugha peke yake. Waulize vilevile imemfundisha msomaji kudai nini kabla ya kukubali kwamba fulani ameua.