Aya kwenye afishi na ndizi za mama

Wandugu, leo ninataka kukosoa kitu ambacho wengi wetu tumeshakula pesa yake: kuweka aya ya Biblia au ya Kurani kwenye afishi ya kampanye ili "jamii lengwa" ikubali haraka. Chanjo, maji safi, uzazi wa mpango, kupanda miti, amani, kila kitu sasa kina aya yake. Sikosoi kutoka mbali. Moja ya afishi hizo niliitunga mimi mwenyewe.

Ilikuwa miaka mitatu nyuma, kijiji kimoja cha upande wa Irumu. ONG moja ilikuwa imenichukua kwa miezi sita kwa kazi ya mnyauko wa migomba, ule ugonjwa ambao sisi wa agronomi tunauandika BXW. Wenye mashamba mnaujua: majani yanalegea na kugeuka njano, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukiipasua unakuta ndani ni kahawia, na shina likikatwa linatoa kitu kama usaha. Hapa Kongo ulionekana kwanza Masisi, mwaka 2001, kisha ukapanda mpaka kwetu. Dawa ya kunyunyiza hakuna. Kinachosaidia ni mikono: kata shina gonjwa chini kabisa, ondoa ua dume kwa mti wenye panda badala ya panga, na panga lako lipitishe kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Mambo matatu tu, mtoto wa miaka kumi anayaelewa.

Lakini kwenye mkutano wa kupanga kazi ilisemwa kwamba watu wa kule ni wa dini sana, basi tutafute "mlango wa dini". Mimi mtoto wa kanisa, nikatoa Yohana 15, pale mkulima anapokata tawi lisilozaa. Wote wakapiga makofi. Tukachapa. Tukamwomba pasta wa kijiji aihubiri Jumapili, na transporti yake tukalipa.

Jumanne tukaitisha watu chini ya mwembe wa shefu. Nilipomaliza kusema, mama mmoja, umri wake kama miaka sitini, akasimama pole pole akiwa na Biblia yake kwenye mfuko wa plastiki. Akaniambia: "Mutoto yangu, na Luka 13 ulisomaka? Mwenye shamba alitaka ule muti bakate. Mutumishi akaomba mwaka moja, achimbe, atie mbolea. Yesu hakusema ule mutumishi ni mujinga. Sisi pia tunaomba mwaka moja."

Watu walicheka mpaka shefu akawanyamazisha. Nikamtazama pasta, pasta akatazama chini.

Jibu la sayansi nilikuwa nalo. Mtini wa Luka haukuwa na bakteria. Ukiungoja mwaka mmoja hauwaambukizi majirani. Nyuki akitoka kwenye ua la mgomba mgonjwa hangoji. Lakini ningelisemaje hilo, wakati mimi ndiye niliyeleta Biblia mkutanoni? Nilimwita mama kwenye uwanja wake, akanishinda kwa sheria za uwanja huo. Tulikaa saa nzima tunapigana kwa aya, na hakuna aliyesema neno moja juu ya panga na moto. Mwezi ule watu wengi hawakukata kitu. Nilihesabu mashina wiki nne baadaye na sikupenda nilichokiona.

Nikarudi kwake peke yangu, bila afishi, nikamuuliza tu: mama, kwa nini hutaki kukata? Hapo ndipo aliponiambia. "Ndizi ile njo minervali ya batoto bawili ba sekondari. Mwaka ule walikuja batu bengine na mihogo, bakasema tung'oe, bataleta mbegu mupya. Tuling'oa. Mbegu tunaingoja mpaka leo."

Kumbe mama hakuwa na shida ya imani hata kidogo. Alikuwa na swali la minervali na swali la ahadi iliyovunjwa. Kwa hayo Yohana 15 haikuwa na la kusema, na mbaya zaidi, iliyafunika. Kwa sababu ukimletea mtu aya, yeye atakujibu kwa aya au atanyamaza kwa heshima. Hatakuambia habari za pesa. Nani anataka kuonekana anabishana na Mungu kwa sababu ya ndizi?

Hilo ndilo kosa ninaloliona katika kampanye hizi, na tuliliona kwa ukubwa wake wakati wa Ebola. Ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikaingia Ituri kupitia Mandima, Mambasa, Komanda, na kesi chache hapa Bunia. Ilipotangazwa kuwa imekwisha, tarehe 25 Juni 2020, walikuwa wamekufa watu 2,287. Watu wa riposti walikimbilia makanisa na misikiti, na walikuwa na sababu. Mwezi wa 7, 2019, kesi ya kwanza ya Goma ilikuwa pasta aliyetoka Butembo, ambako alikuwa amehubiri na kuwawekea watu mikono. Kanisa lilikuwa njia ya ugonjwa, basi liwe pia njia ya ujumbe. Mpaka hapo ninakubali.

Ila ujumbe wenyewe ulikuwa nini? Nilisikia Walawi 13 ikihubiriwa, ile ya kumtenga mgonjwa, mara ngapi sijui. Wakati huo watu walikuwa na maswali mengine kabisa. Kule Beni watu wanauawa tangu 2014, kwa nini pesa nyingi na magari vilikuja kwa Ebola na si kwa mauaji? Mwezi wa 12, 2018, CENI iliahirisha uchaguzi wa Beni na Butembo, sababu ikiwa Ebola na usalama, huku masoko na makanisa yako wazi. Rais akaapishwa mwezi wa 1, kura yao ikapangwa mwezi wa 3. Sasa umsimamishe pasta aliyenyimwa kura Jumapili ile asome Walawi! Uchunguzi uliofanywa Beni na Butembo mwezi wa 9, 2018, kwa watu wazima 961, ulikuta zaidi kidogo ya robo wanaamini Ebola si ya kweli, na waliokuwa na imani kwa viongozi wa mahali walikuwa kama theluthi tu. Imani iliyokuwa imepungua ilikuwa ile ya serikali. Kuazima imani ya kanisa kuziba tundu hilo ni sawa na kukopa kwa jirani bila kumwambia utalipa lini.

Na anayelipa ni jirani. Pasta wa kijiji kile, baada ya mkutano wetu, vijana walimwita "pasta wa ndizi". Mimi mkataba wangu ulikwisha, nikarudi Bunia. Yeye yuko pale na jina lile.

Msinielewe vibaya, sisemi dini ikae mbali. Angalieni mazishi. Mwanzoni huko Afrika Magharibi mwili ulifungwa kwenye mfuko na kuzikwa na watu wasiojulikana, na familia zikaficha maiti. Mwezi wa 11, 2014, OMS ikatoa utaratibu mpya wa mazishi salama na yenye heshima, ulioandaliwa pamoja na mashirika ya Kikristo na ya Kiislamu. Ndani yake Waislamu wamewekewa tayamamu badala ya kuosha maiti kwa maji, na sanda, na familia kushirikishwa. Tofauti ni kwamba hapo watu wa dini waligusa kazi yenyewe. Walibadilisha namna ya kuzika. Maandishi ya tangazo yalikuja nyuma.

Hata jirani zetu wa Uganda wana mfano. Chama cha madaktari Waislamu, IMAU, tangu miaka ya 1990 mwanzoni kilifundisha maimamu juu ya UKIMWI. Kondomu mwanzoni haikuwamo. Waliibishania wao kwa wao, kisha wakaiingiza kwa mipaka yao. Hakuna aliyewaletea aya iliyochapwa tayari kutoka ofisi ya mji mkuu. Ilichukua muda, ndiyo, na sisi kampanye zetu ni za miezi mitatu.

Kuna jambo lingine ambalo hapa Ituri hatuwezi kulipita. Neno "jamii lengwa" linasikika vizuri kwenye ripoti. Lakini katika mkoa ambao tangu 1999 watu wamejifunza kuhesabu nani kapewa nini, ukiichagua jamii moja na kuipa ujumbe wake, kwa lugha yake, na aya ya kanisa lake, jirani upande wa pili wa mto anasikia jambo moja: hao ndio wenye ugonjwa. Au: hao ndio wenye mradi. Na sijui anayepanga hayo anaionaje Bunia, ambako nyumba moja baba ni Mkatoliki, mama CECA 20, na mtoto analala kwenye mkesha wa uamsho. Aya ya nani?

Tulichofanya na mama baadaye ni kidogo. Tulikata mashina yenye dalili tu, yale mazima ya shina lile lile tukayaacha, jambo ambalo hata utafiti wa hapa kwetu Kongo umelikubali. Nikamwonyesha moto na panga, akaita jirani zake wawili, na kila aliyekata alibaki na ndizi za kuuza. Sikuahidi mbegu, sikuwa nazo, na nilimwambia hivyo. Afishi ilibaki mlangoni pa kanisa mpaka mvua ikaishusha.

Pasta ninakutana naye mara moja moja soko kuu. Tunasalimiana vizuri, ananiuliza habari za wazazi. Ila hajaniomba tena kusema kanisani kwake.